Makro: mtumishi mtiifu asiyejua kuuliza

Kila mwisho wa mwezi, makarani wengi hurudia kazi ile ile kwenye kompyuta: kufungua faili la mauzo, kufuta mistari mitupu, kupanga majina kwa alfabeti, kujumlisha fedha na kuchapa ripoti. Kazi hiyo yaweza kumalizika kwa kubonyeza kitufe kimoja, iwapo hatua zake zimehifadhiwa katika makro.

Makro ni mfululizo wa amri uliopewa jina, ambao programu ya ofisi huutekeleza kila inapotakiwa. Jambo hilo si geni. Lotus 1-2-3, programu ya mahesabu iliyotolewa mwaka 1983, ilikuwa na makro. Mwaka 1993 kampuni ya Microsoft iliingiza katika Excel lugha ya Visual Basic for Applications, au VBA kwa kifupi, ambayo ingali ikitumika.

Jinsi ya kunasa hatua

Si lazima mtumiaji aijue lugha hiyo. Katika Excel na Word, huamuru programu ianze kunasa, huipa makro jina, hufanya kazi yake kama kawaida, kisha husimamisha unasaji. Programu huziandika hatua zake kwa VBA. LibreOffice, inayopatikana bila malipo, nayo inaweza kunasa, ila uwezo huo hauna budi kuruhusiwa kwanza katika mipangilio.

Hata hivyo, makro hufuata kile mtu alichofanya, wala si alichokusudia. Iliyonaswa wakati orodha ya mishahara ina watu 40 yaweza kuendelea kujumlisha mistari 40 hata watu wanapofika 55, bila kutoa onyo lolote. Isitoshe, katika Excel mabadiliko yaliyofanywa na makro kwa kawaida hayatenguliki kwa amri ya kurudi nyuma. Ndiyo maana hujaribiwa kwanza kwenye nakala ya faili, na jumla yake ikalinganishwa na hesabu ya mkono.

Funzo la Melissa

Utiifu huo huo umewanufaisha wahalifu. Tarehe 26 Machi 1999 kirusi kilichoitwa Melissa kilianza kusambaa kikiwa ndani ya waraka wa Word. Waraka ulipofunguliwa na makro yake kuruhusiwa, kilijituma kupitia programu ya Outlook kwa anwani 50 za kwanza katika kitabu cha anwani. Waliopokea waliona jina la mtu wanayemfahamu, wakafungua bila shaka.

Aliyekitunga, David L. Smith wa New Jersey nchini Marekani, alikiri kosa mwezi Desemba 1999, akikubali kwamba hasara ilizidi dola milioni 80. Mwezi Mei 2002 alihukumiwa kifungo cha miezi 20.

Tahadhari

Tangu toleo la Office la mwaka 2007, mafaili mengi ya muundo mpya yenye makro hutambulikana kwa herufi m mwishoni mwa jina, kama xlsm na docm. Mafaili ya muundo wa zamani, kama xls na doc, yaweza kubeba makro bila alama hiyo. Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro za VBA katika mafaili yanayotoka kwenye intaneti. Lakini mtumiaji bado anaweza kuliondoa zuio hilo, na walaghai humshawishi afanye hivyo. Ankara au barua inayodai kwamba haisomeki mpaka makro ziruhusiwe ni ya kutiliwa shaka, hata ikitoka kwa rafiki. Ni vyema kumpigia simu kwanza.

Kwa ofisi yenyewe, hatari nyingine ni ya kimyakimya: aliyetunga makro huondoka, na waliobaki huendelea kubonyeza kitufe wasichokielewa. VBA huruhusu maelezo ya kawaida kuandikwa kando ya amri, hata kwa Kiswahili. Mistari michache inayoeleza makro inafanya nini, na kwa faili lipi, humwezesha karani mpya kugundua kosa kabla mishahara haijalipwa.