Namna gani ndege ya vita inasimama juu ya manowari?

Ndege ya vita kuruka kutoka juu ya manowari ni kazi. Kurudi na kusimama ni kazi kubwa zaidi. Ndege ya tani 22, inayofika na mwendo wa kilometa 240 kwa saa, inapaswa kusimama ndani ya mita 105 hivi, karibu urefu wa uwanja wa mpira.

Ndoano na waya

Chini ya mkia wa ndege kuko ndoano ya chuma. Inanasa waya nene iliyotandikwa kwa upana wa meli. Rubani akigusa meli hapunguzi moto, anaongeza, ili ndoano ikikosa waya aweze kuruka tena.

Wa kwanza kujaribu alikuwa Mmarekani Eugene Ely, kule San Francisco, tarehe 18 mwezi wa kwanza 1911. Kamba zake zilifungwa kwenye mifuko ya mchanga.

Mashini ya zamani

Kisha ikakuja idroliki: waya inavuta pistoni kubwa iliyo chini ya meli, sawa kriki ya gari. Kabla ya kila ndege kutua, wafanyakazi wanapanga mashini kufuatana na uzito wake. Wakikosea, watu wanaumia. Mwezi wa tatu 2016, kwenye manowari Eisenhower, waya ilikatika na kuchapa wanamaji 8. Wengine walivunjika mifupa. Uchunguzi ulionyesha kwamba mafundi waliruka hatua moja ya lazima walipotengeneza mashini. Ndege yenyewe iliponea kidogo tu, ikaruka tena.

Mashini mpya

Kwenye manowari Gerald R. Ford, kampuni General Atomics iliweka mashini ingine. Waya inazungushwa kwenye ngoma, na turbini zinazozunguka ndani ya maji zinakula nguvu nyingi ya ndege. Mota ya umeme na kompyuta vinarekebisha breki palepale, wakati ndege inaendelea kuvuta. Ndiyo maana inatazamiwa kupokea ndege nzito na hata zile ndogo zisizo na rubani.

Lakini turbini za kwanza hazikuwa na nguvu ya kutosha, ikabidi zichorwe upya. Kazi ilichelewa na bei ikapanda sana. Ndege ya kwanza ilitua tarehe 28 mwezi wa saba 2017. Hata kisha pale, wakaguzi wa Pentagon waliandika mara kwa mara kwamba mashini inaharibika kuliko ilivyotakiwa.

Ufaransa nayo imechagua mashini hii kwa manowari yake mpya.