Jina lilibadilika, mtu ni yule yule: namna ya kumtafuta ndugu aliyechukuliwa wakati wa Wabelgiji

Kuna jamaa za Kivu, Maniema na Kasai ambamo wazee, wakihesabu watoto wa nyumba, wanafika kwa mmoja na kushusha sauti. Mama yake alikuwa mweusi, baba yake mzungu, na watu wa leta walikuja kumchukua angali mdogo. Alienda kwa masista, basi. Leo watoto wa ndugu zake wanataka kujua alifika wapi, na wanagonga ukuta mmoja: jina ambalo nyumba inalikumbuka haliko kwenye karatasi yoyote.

Walichukuliwa namna gani

Serikali ya kikoloni iliona watoto hawa, walioitwa mamulatri wakati ule na mametisi leo, kama hatari kwa mpaka iliouweka kati ya weusi na weupe. Iliwatoa kwa mama zao na kuwaweka kwenye misioni mbali na kwao. Katende, kule Kasai, ilikuwa moja. Nyingine ilikuwa Save, nchini Rwanda, karibu na Astrida, mji ambao leo unaitwa Huye. Mbele kidogo ya uhuru, kuanzia 1959, watoto karibu 300 wa Save walisafirishwa mpaka Ubelgiji. Wengine waliingia kwenye jamaa za kuwalea, wengine kwenye nyumba za yatima. Ndugu wa tumbo moja walitenganishwa. Wengine, kama wale wa Katende, waliachwa Kongo wakati wazungu walipokimbia fujo za baada ya uhuru.

Mambo haya si masimulizi ya wazee peke yake. Bunge la Ubelgiji lilipitisha azimio juu ya mametisi mwezi wa tatu 2018, na tarehe 4 mwezi wa 4, 2019, waziri mkuu Charles Michel aliomba radhi mbele ya bunge hilo. Wanawake watano waliolelewa Katende walipeleka serikali ya Ubelgiji tribunalini. Mwaka 2021 walishindwa, lakini tarehe 2 mwezi wa 12, 2024, korti ya rufaa ya Brussels iliwapa haki: ilisema kuchukuliwa kwao kulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, na kila mmoja alipwe euro 50.000.

Mtu mmoja, majina manne

Anayetafuta ajue kwanza kwamba ndugu yake anaweza kuwa na majina mengi, na kila jina lina karatasi zake.

La kwanza ni jina la nyumbani. Kwa desturi za Kivu, kama za Rwanda na Burundi, kila mtoto alipewa jina lake mwenyewe. Kaka na dada hawakubeba jina moja. Njo maana kumtafuta kwa jina la babu ni kazi bure.

La pili ni jina la misioni. Pale alibatizwa jina la mtakatifu, na mara ingine jina lingine liligeuzwa ili baba mzungu asijulikane. Hata tarehe ya kuzaliwa inaweza kuwa ya kukadiria.

La tatu ni jina la Ulaya. Kama jamaa iliyomlea ilimwasili, ni kusema ilimfanya mtoto wake kisheria, alichukua jina lao. Lakini wengi walilelewa tu bila kuasiliwa, na walibaki na jina la misioni. Kwa hiyo majina yote mawili yafuatwe. Kwa wanawake kuna nafuu: kwa sheria ya Ubelgiji, mke anabaki na jina lake mwenyewe kwenye karatasi za serikali.

La nne ni jina la Zaire, kwa wale waliobaki. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya kikristu, na watu wakachukua majina ya asili. Kuanzia miaka ya 1990 wengi walirudilia jina la ubatizo. Basi mtu aliyeandikwa Maria mwaka 1955 anaweza kukosa Maria kabisa kwenye kitambulisho cha 1975, kisha Maria akarudi.

Ongeza maandishi. Karani Mfaransa au Mbelgiji aliandika u kama "ou", na Mflandre aliandika "oe". Furaha anaweza kuwa Fouraha au Foeraha. R na L zinabadilishana nafasi. Miji nayo ilibadilika majina: Costermansville ni Bukavu, Albertville ni Kalemie, Luluabourg ni Kananga.

Pa kuanzia

Mbele ya yote, wazee. Usiulize tu "aliitwa nani?" Uliza mama yake aliishi kijiji gani, baba alifanya kazi gani, kwenye kampuni, shamba au ofisi ya teritware, nani alizaliwa mbele na nyuma ya mtoto, na alichukuliwa mwaka gani, hata kama ni "mwaka wa njaa ile". Jina linadanganya, mahali, mwaka na jina la mama vinadumu zaidi.

Pili, parokia. Kitabu cha ubatizo kina tarehe, jina la mzazi na la msimamizi wa ubatizo. Kitu kikubwa kiko pembeni ya ukurasa: kwa sheria ya Kanisa Katoliki, ndoa ya mtu inarudishwa kuandikwa kwenye parokia alikobatizwa, hata akioa au kuolewa nchi ya mbali. Mstari mmoja pale unaweza kutoa mji wa Ulaya na jina la mume. Omba padri kwa upole, na andika namba ya ubatizo.

Tatu, Brussels. Arshivi za Serikali ya Ubelgiji zina kazi maalumu juu ya mametisi, iliyozaliwa na lile azimio la bunge. Dosie za utawala wa kikoloni zinachunguzwa huko, na jamaa anaweza kuandika kuomba msaada. Barua iwe fupi: majina yote yanayojulikana na namna zote za kuyaandika, jina la mama, mahali, mwaka na misioni.

Akipatikana

Kupata jina si kupata ruhusa. Wengi walikua wakiambiwa kwamba mama zao waliwatupa. Barua ya ghafla inaweza kuwaumiza. Wengine hawajawahi kuwaambia watoto wao. Andika kwanza barua moja ya upole, bila kuomba pesa wala karatasi za safari, na sema jambo ambalo pengine hajawahi kusikia: kwamba nyumbani jina lake halikuacha kutajwa. Asipojibu, aheshimiwe.

Muda haungojei. Watoto wa 1959 wamepita miaka 60, na mama zao karibu wote wameshakufa. Mwenye bibi au shangazi anayekumbuka, akae naye wiki hii na kalamu.