Mito ya Mti na Utunzaji wa Nywele Miongoni mwa Waluba wa Katanga

Mito ya mti ya Waluba huchunguzwa zaidi kama kazi ya uchongaji. Makala haya yanadai kuwa, kabla ya yote, ilikuwa vyombo vya kutunzia nywele.

Katika karne ya 19 Waluba-Shankadi walikuwa na msuko mashuhuri wa ngazi, safu juu ya safu, ukiteremka kuelekea kisogoni. Kuusuka kulichukua yapata saa 50. Ukitunzwa vema, ulidumu miezi miwili au mitatu. Usiku mlalaji aliegemeza shingo mtoni, nywele zisisuguliwe wala kuvurugika. Utaratibu huo una mantiki: unywele huota kiasi cha sentimita 1 kwa mwezi, na ukikatika nchani kwa kasi hiyo hiyo, hauonekani kurefuka.

Mji wa Likasi, ulioitwa Jadotville hadi 1966, uliwapokea Waluba wengi waliofuata kazi za Union Minière du Haut-Katanga. Ni vigumu kuona jinsi zamu za viwandani zingeweza kupatana na kazi ya msusi ya saa 50.

Mito kadhaa imehifadhiwa leo katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Iliyosafirishwa ni mbao. Maarifa ya kusuka, kupaka mafuta na kulala yalibaki kwa watu. Hapana budi wanafunzi wetu wayakusanye kutoka kwa wazee wa Likasi, pamoja na msamiati wake, wangali hai.