Saratani mpakani Busia na Tororo: mgonjwa huvuka, bima haivuki

Kutoka Busia ya Uganda hadi Busia ya Kenya ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Kwa mgonjwa wa saratani, hata hivyo, hatua hizo chache humtoa katika mfumo mmoja wa dawa na malipo na kumwingiza katika mfumo mwingine kabisa. Makala hii inaeleza jinsi dawa za saratani zinavyopatikana kila upande wa mpaka, nani hulipa, na kwa nini inafaa familia iulize habari za malipo kabla ya kununua dozi ya kwanza.

Mambo muhimu kwa ufupi:
- Nchini Uganda hakuna bima ya afya ya taifa. Msaada mkubwa wa mgonjwa ni hospitali za serikali na Taasisi ya Saratani ya Uganda, Kampala.
- Nchini Kenya, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, hulipia matibabu ya saratani kwa aliyesajiliwa na kulipa mchango wake, hadi kikomo kilichowekwa.
- Duka la dawa la mtaani si mahali pa kuanzia matibabu ya saratani.
- Kitambulisho cha ndugu wa upande wa pili si njia ya kupata dawa. Kinaweza kumdhuru mgonjwa mwenyewe.

Mji mmoja, mifumo miwili

Neno boda boda, linalotumika leo kote Afrika Mashariki, huhusishwa na mpaka huu, ambako waendesha baiskeli walibeba abiria katika eneo lililo kati ya vituo vya nchi mbili. Wasamia na Wateso wana jamaa pande zote mbili. Wilaya ya Busia ya Uganda ilikuwa sehemu ya Tororo hadi mwaka 1997, na kivuko cha pili, Malaba, kimo ndani ya wilaya ya Tororo hadi leo. Mwezi Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, ili msafiri akaguliwe mahali pamoja tu.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, iliwafungulia watu na bidhaa njia ya kuvuka kwa urahisi zaidi. Haikuunda bima moja ya afya. Haki ya mgonjwa kulipiwa dawa bado inategemea uraia, mahali anapoishi na daftari alimosajiliwa.

Upande wa Uganda

Mwaka 2001 serikali ya Uganda iliondoa ada katika hospitali zake, isipokuwa kwenye wodi za kulipia. Dawa za hospitali hizo husambazwa na Bohari ya Taifa ya Dawa. Kwa saratani, mahali penye wataalamu wengi na dawa nyingi zaidi ni Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967 katika eneo la hospitali ya Mulago. Taasisi hiyo imekuwa ikipokea pia wagonjwa kutoka Kenya, Rwanda, Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Mkazi wa Tororo au Busia kwa kawaida huanzia hospitali ya wilaya, akaelekezwa hospitali ya rufaa ya Mbale, kisha Kampala, safari ya takriban kilomita 200. Hata pale dawa inapotolewa bure, nauli, malazi, chakula cha mlezi na baadhi ya vipimo hubaki mzigo wa familia. Dawa inapokosekana hospitalini, mgonjwa huandikiwa karatasi akainunue nje kwa fedha zake. Kwa dawa inayopaswa kutolewa kila baada ya wiki tatu, kukosekana mara moja tu kunaweza kuvuruga ratiba nzima.

Bima ingeweza kuziba pengo hilo, lakini Uganda haijawa na bima ya taifa. Bunge lilipitisha muswada wake mwezi Machi 2021, ila haukutiwa saini kuwa sheria. Bima za kampuni binafsi zipo, lakini zinawafikia wachache, hasa wenye ajira rasmi, na nyingi huweka kikomo kwa magonjwa ya muda mrefu. Mwenye bima ya aina hiyo anapaswa kusoma masharti ya saratani katika mkataba wake akiwa bado mzima.

Upande wa Kenya

Tarehe 1 Oktoba 2024 Kenya iliacha mfumo wa NHIF na kuanza kutumia SHA. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Asiye na ajira rasmi hupimwa uwezo wa kaya yake, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Mchango wa kundi hili huhesabiwa kwa mwaka mzima, sawa na shilingi 3,600 kwa kiwango cha chini. Kwa mchuuzi wa samaki au mwendesha boda boda, kutoa fedha hizo kwa mkupuo ni mtihani, na wengi huzikumbuka wakiwa tayari wamelazwa. Usajili hufanywa kwa kubonyeza *147# au katika kituo cha afya.

Mpango huo ulipoanza, matibabu ya saratani yaliwekewa kikomo cha shilingi 550,000 kwa kaya kwa mwaka: 400,000 kutoka mfuko wa bima na 150,000 kutoka mfuko wa magonjwa sugu na dharura. Serikali inaweza kubadilisha viwango hivyo, hivyo jambo la kwanza la kuuliza hospitalini ni kikomo cha sasa na kiasi kilichobaki.

Mfano wa saratani ya matiti unaonyesha kwa nini swali hilo lina uzito. Baadhi ya wagonjwa huhitaji trastuzumab, dawa ya sindano iliyoingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Matibabu kamili huchukua mwaka mmoja, takriban dozi 18. Dozi moja nchini Kenya ilikuwa ikigharimu karibu shilingi 120,000. Kwa bei hiyo, kikomo cha 550,000 kingemalizika baada ya dozi nne, na dozi 14 zingebaki mikononi mwa familia. Mwaka 2025 wizara ya afya ya Kenya na kampuni ya Roche zilikubaliana bei ishuke hadi shilingi 40,000 kwa dozi, zilipwe na SHA, mgonjwa asitoe kitu. Mpango huo unapatikana katika hospitali zilizoteuliwa pekee, na kwa mgonjwa ambaye kipimo cha uvimbe wake kimethibitisha kuwa dawa hiyo inamfaa.

Kwa mkazi wa Busia ya Kenya, hospitali kubwa za rufaa zilizo karibu ni ile ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu na ile ya Moi mjini Eldoret. SHA huilipa hospitali yenye mkataba nayo, baada ya hospitali hiyo kuomba na kupewa idhini. Haimrudishii mgonjwa fedha kwa risiti ya duka la dawa.

Ndugu wa upande wa pili

Pale ukoo mmoja unapoishi nchi mbili, kishawishi cha kutumia kitambulisho cha binamu ni kikubwa. Kufanya hivyo ni udanganyifu mbele ya sheria. Vilevile ni hatari kwa mwili: majibu ya vipimo, kundi la damu na madhara ya dawa huandikwa kwa jina la mtu mwingine, na siku ya dharura daktari husoma historia isiyo ya mgonjwa aliye mbele yake.

Njia halali zipo, ingawa ni finyu. Mgeni anayeishi Kenya kwa zaidi ya miezi 12 anaweza kusajiliwa SHA. Asiyetimiza sharti hilo anaweza kutibiwa kwa kulipa mwenyewe, na ni haki yake kuomba makadirio ya gharama ya matibabu yote kwa maandishi, si ya dozi moja tu.

Mwaka 2016, mashine pekee ya mionzi nchini Uganda ilipoharibika, serikali ilipanga baadhi ya wagonjwa wapelekwe hospitali ya Aga Khan, Nairobi. Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018. Waliovuka kwa mpango huo walivuka kwa makubaliano ya taasisi na majina yaliyoteuliwa. Hakukuwa na haki ya jumla ya kutibiwa ng'ambo ya mpaka, na leo pia haipo.

Kazi ya duka la dawa

Baadhi ya dawa za saratani ni vidonge anavyoweza kumeza mgonjwa nyumbani. Tamoxifen hutumiwa kwa miaka mitano au zaidi. Imatinib, inayotumiwa kwa aina fulani ya saratani ya damu, humezwa kila siku kwa miaka mingi. Nyingine ni sindano zinazopaswa kuhifadhiwa kati ya nyuzijoto 2 na 8, na kuchanganywa na mtaalamu. Sindano iliyosafirishwa kwenye mkoba juani kutoka mji mmoja hadi mwingine inaweza kupoteza nguvu bila kubadilika rangi.

Hatari nyingine ni dawa ghushi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa bandia zenye majina ya Avastin na Sutent zilizogunduliwa nchini Uganda. Zote mbili ni majina ya dawa za saratani zenye bei kubwa. Kwa hiyo inafaa mgonjwa anunue katika famasia ya hospitali au duka lenye leseni, linalosimamiwa na mfamasia. Leseni hizo ziko chini ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa nchini Uganda, na Bodi ya Famasia na Sumu nchini Kenya. Risiti, kasha na namba ya toleo la dawa vihifadhiwe.

Jamaa walio ughaibuni hupenda kununua dawa huko na kuituma. Kifurushi kinaweza kuzuiliwa forodhani, na dawa ikaharibika njiani. Njia salama zaidi ni kuilipa hospitali moja kwa moja, kwa ankara yenye jina la mgonjwa, au kumlipia ndugu aliye Kenya mchango wa SHA wa mwaka kabla hajaugua.

Karatasi za kubeba

Popote mgonjwa anapoelekea, nyaraka tano humsaidia: majibu ya kipimo cha kinyama kilichotolewa kwenye uvimbe, barua ya rufaa, mpango wa matibabu wenye majina ya dawa na idadi ya dozi, picha za vipimo, na kitambulisho chake halisi. Bila majibu ya kinyama, idhini ya bima huchelewa, na kipimo kinaweza kurudiwa kwa gharama mpya.

Maumivu hayasubiri bima

Kuna huduma moja ambayo si lazima mgonjwa aifuate mji mkuu. Tangu shirika la Hospice Africa Uganda lilipoanzishwa mwaka 1993, Uganda imejenga utaratibu wa kutoa mofini ya maji bila malipo, na wauguzi waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kisheria kuiandika. Familia inayosubiri idhini ya bima, au inayochanga nauli ya Kampala, inaweza kuuliza huduma ya kupunguza maumivu katika hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo. Kuipokea si kukata tamaa na matibabu. Mgonjwa anayelala usiku bila maumivu huwa na nguvu zaidi za kusafiri na kuendelea na dozi zake.