Nyimbo Zilizofungiwa Mlango: Maitu Njugira Mjini Nairobi, 1982

Katika Ngara pana Barabara ya Kipande. Na ukivuka Mto Nairobi kuelekea Chuo Kikuu, waifikia Barabara ya Harry Thuku. Kipande ndicho cheti ambacho serikali ya kikoloni ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kukichukua, kikiwa ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Thuku ndiye aliyewaongoza wafanyakazi kukipinga. Alipokamatwa mwezi Machi 1922, umati ulikusanyika penye kituo cha polisi, Mary Muthoni Nyanjiru akawakejeli wanaume waliosita, na risasi zikafyatuliwa. Kutokana na mambo kama haya Ngũgĩ wa Thiong'o alitunga Maitu Njugira, yaani "Mama, Niimbie", mchezo wa nyimbo na ngoma unaohusu unyonyaji wa wafanyakazi zama za ukoloni.

Ukumbi wa Taifa umesimama katika Barabara hiyo ya Thuku, ukielekeana na Hoteli ya Norfolk. Ulifunguliwa mwaka 1952, na kwa muda mrefu michezo ya kigeni ndiyo iliyoutawala. Mwaka 1976, The Trial of Dedan Kimathi, uliotungwa na Ngũgĩ pamoja na Micere Mugo, ulipewa siku chache tu, kwa kuwa nafasi ilikwisha kutengewa wageni, mmojawapo ukiwa ni mchezo wa nyimbo wa kuchekesha kutoka Marekani. Hata hivyo, usiku wa kwanza wachezaji walipocheza ngoma ya mwisho katikati ya watazamaji, watazamaji waliinuka wakafuatana nao hadi nje.

Mchezo uliofuata, Ngaahika Ndeenda, alioutunga na Ngũgĩ wa Mirii, ulionyeshwa Kamirithu, Limuru, mwezi Oktoba 1977. Mwezi uliofuata ulizuiwa, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Wahakiki wengi hueleza kwamba kosa lake lilikuwa lugha: aliacha Kiingereza akawaandikia wakulima kwa Kikuyu. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi kwa mchezo wa 1982. Maitu Njugira ulichanganya nyimbo za makabila kadhaa ya Kenya, na ulikusudiwa kuonyeshwa katika mji mkuu. Asiyejua Kikuyu aliweza kuufuata kwa sauti, kwa mwendo wa miguu na kwa nyimbo za kwao alizozitambua. Dai la kwamba fasihi ya lugha za kikabila huwagawa wananchi lilipata jibu hapo, na jibu hilo halikuhitaji tafsiri. Inashangaza kwamba idara zetu za lugha hazijaushughulikia sana ushahidi huu.

Mchezo ulipangwa kufunguliwa tarehe 19 Februari 1982. Serikali haikujisumbua kuukataza kwa maandishi. Wachezaji walipofika Ukumbi wa Taifa walikuta milango imefungwa na polisi wamesimama. (Asiyekataa kwa maneno hana hoja ya kujibiwa.) Wakarudi Chuo Kikuu, walikokuwa wakifanyia mazoezi chini ya uongozi wa Kimani Gecau na Waigwa Wachira. Wananchi wakafuata huko. Waliotoka Limuru walikodi mabasi. Waliokosa viti waliketi sakafuni na ngazini, wengine wakasikiliza madirishani. Inakadiriwa kwamba watu zaidi ya elfu kumi waliyatazama mazoezi hayo kabla nayo hayajapigwa marufuku. Basi mchezo ambao haukuonyeshwa rasmi hata siku moja ulipata watazamaji ambao michezo mingi iliyoruhusiwa haikuwapata.

Mwezi Machi kikundi cha Kamirithu kilinyang'anywa idhini yake, na polisi wakaubomoa ukumbi wa wazi ambao wanakijiji waliujenga kwa mikono yao. Ngũgĩ wa Mirii na Gecau walikimbilia Zimbabwe. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa Uingereza katikati ya mwaka huo, hakurudi. Alifariki Marekani mwezi Mei 2025. Miaka mitatu kabla ya hapo, Mei 2022, Ngaahika Ndeenda ulichezwa katika Ukumbi wa Taifa kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, mlango ukiwa wazi.