Ipepo si Pepo

Huko Nchelenge, kwenye ufuko wa Zambia wa Ziwa Mweru, Wakristo wanaosema Kibemba huita sala "ipepo", nomino itokanayo na kitenzi "ukupepa", yaani kusali au kuabudu, ilhali msemaji wa Kiswahili anayevuka kutoka Kilwa ya Kongo (si ile ya pwani ya Tanzania) husikia humo "pepo", roho asiyeonekana ambaye aghalabu huogopwa na kufukuzwa. Tofauti hiyo ni nzito katika malezi ya imani, kwa kuwa katekista, yaani mwalimu wa mafundisho ya dini, akilihamisha neno bila kulifafanua, huweza kumtia mwanafunzi hofu ya jambo lile analoalikwa kulipenda. Walimu wa ng'ambo zote mbili na watafsiri "ipepo" kwa "sala" au "maombi".