Mpira mdogo chini ya tangi la pikipiki: kazi yake na njia yake salama

Umejaza tangi mpaka mdomoni asubuhi, Bukoba mjini. Umepita Kemondo, umefika Muhutwe, na sasa unapanda kwenda Kamachumu ukiwa na abiria nyuma. Jua limeshakuwa kali. Ukisimama unasikia harufu ya petroli, na ukiinama unaona matone yanaanguka juu ya ekzosi.

Wengi hukimbilia kulaumu kabureta. Lakini kwenye pikipiki iliyotumika miaka mingi, kosa linaweza kuwa kwenye mpira mwembamba unaotoka chini ya tangi. Mpira huo ukikatika, ukipotea au ukipitishwa njia mbaya, petroli inaangukia penye moto. Ukiziba, maji ya mvua yanaingia kwenye mafuta. Katika makala haya tunaeleza kazi ya mpira huo na namna ya kuupitisha.

Unafanya kazi gani?

Tazama kifuniko cha tangi lako. Kama kimesimama juu ya tangi kama kizibo cha chupa, huenda pikipiki yako haina mpira huu kabisa. Kama kimelala sawa na bati la tangi, kwa kawaida kinazungukwa na kisahani kidogo. Ndani ya kisahani hicho kuna tundu dogo. Kwenye matangi mengine tundu linaonekana tu ukifungua kifuniko.

Kutoka kwenye tundu hilo, mrija mwembamba wa chuma unapita ndani ya tangi na kutokea chini yake. Hapo ndipo mpira unapochomekwa. Mrija huo haukuwekwa ili kuchukua mafuta yaliyo ndani ya tangi. Unabeba petroli iliyomwagika wakati wa kujaza, petroli inayopenya kwenye kifuniko tangi likijaa kupita kiasi, na maji ya mvua.

Petroli hupanuka inapopata joto. Lita 10 zikiongezeka joto kwa nyuzi 15 huzidi kwa takribani mililita 140, karibu nusu ya chupa ya soda ya mililita 300. Kama hukuacha nafasi ndani ya tangi, kiasi hicho lazima kitafute pa kutokea.

Maji nayo si jambo dogo kwetu. Bukoba ni kati ya miji yenye mvua nyingi Tanzania, karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Tundu likizibwa na vumbi na matope, maji hutuama kwenye kisahani na kuingia taratibu kupitia tundu la hewa la kifuniko. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini ya tangi, karibu na koki. Hapo ndipo pikipiki inapoanza kukohoa na kuzimika katikati ya mlima.

Usiuchanganye na mipira mingine

Chini ya pikipiki huning'inia mipira kadhaa. Upo wa kabureta, unaotoa petroli floti inapokwama. Upo wa betri ya maji, unaotoa mvuke wa asidi. Wa tangi unaujua kwa kuufuata kwa mkono mpaka kwenye kimrija kilichojitokeza chini ya tangi. Usiunganishe mipira hii pamoja ili kupunguza urefu. Mmoja ukiziba, unaiharibia na mingine kazi.

Namna ya kuupitisha

1. Zima injini na uiache ipoe kabisa. Funga koki. Fanya kazi nje, mbali na jiko, sigara na mashine ya kuchomelea. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na unaweza kuukuta moto usioutarajia.

2. Ondoa kiti, inua tangi kidogo na ukitafute kimrija. Kama kimeziba, kisafishe kwa uzi mmoja wa waya wa breki, polepole, usije ukakitoboa.

3. Tumia mpira wa mafuta, ule unaouzwa kwenye maduka ya vipuri. Mpira wa dripu au wa kupimia maji hautafaa; petroli na joto huufanya ukakamae na kupasuka. Uwe mmoja tangu juu mpaka chini, na ukibane vizuri kimrija.

4. Uteremshe kando ya fremu, nyuma ya injini, mbele ya tairi la nyuma. Usiguse ekzosi, kichwa cha injini, plagi wala betri. Kama ekzosi iko kulia, upande wa kushoto au katikati ni salama zaidi, ila angalia mnyororo usiufikie.

5. Uteremke moja kwa moja. Ukipanda na kushuka tena, maji na matope hukaa kwenye kona na kuuziba. Hakikisha tangi na kiti haviukandamizi vinaporudishwa.

6. Ufunge kwenye fremu sehemu mbili au tatu, bila kuukaza mpaka ukabanwa.

7. Mwisho wake utokeze chini ya fremu kwa urefu wa kidole hivi. Ukiwa mfupi, petroli itarushiwa injini na upepo. Ukiwa mrefu, utanaswa na mawe. Usielekee tairi la nyuma, kwa maana petroli kwenye tairi huleta utelezi. Ukate mshazari ili matope yasiuzibe kirahisi.

Ujaribu kabla ya kuondoka

Kama tundu linaonekana kifuniko kikiwa kimefungwa, mimina maji kidogo kwenye kisahani. Yanapaswa kutoka chini mara moja. Tazama yanaangukia wapi, kisha tikisa pikipiki na geuza usukani uone kama mpira unasogea. Kama tundu liko chini ya kifuniko, usimimine maji. Unaweza kuyaingiza kwenye tangi. Badala yake, fungua kifuniko, puliza kwa pampu ya tairi kutoka chini, na uweke kidole juu ya tundu usikie upepo.

Dalili ya hatari zaidi

Kama mpira unadondosha petroli wakati wote, hata tangi likiwa nusu na kifuniko kimefungwa, basi mrija wa ndani huenda umeoza kwa kutu na kutoboka. Wapo wanaoziba mpira kwa msumari na kuendelea na safari. Hiyo si dawa. Petroli inaweza kupanda kwenye mrija na kufurika kwenye kisahani, mbele ya dereva.

Toa petroli, shusha tangi, umpelekee fundi. Usikubali lichomelewe kwa sababu tu limemwagwa mafuta. Tangi tupu lenye mvuke wa petroli hulipuka. Kazi hiyo ni ya fundi anayejua kulisafisha mpaka mvuke wote uishe. Kama hayupo karibu, tafuta tangi jingine.

Mazoea ya kila siku

Usijaze mpaka mdomoni. Acha nafasi ya vidole viwili. Petroli ikimwagika, ifute na usubiri ikauke kabla ya kuwasha. Ukifunga mikungu ya ndizi au gunia la kahawa, angalia kamba isibane mpira. Wakati wa mvua usifunge kifuniko kwa nailoni huku ukiendesha, kwani hewa isipoingia kwenye tangi, mafuta hayashuki na injini huzimika.

Moto ukitokea, ondoa watu kwanza. Usimwage maji; petroli huelea juu yake na kusambaza moto. Kama ni mdogo, ufunike kwa mchanga au udongo mkavu. Kama umekua, kaa mbali na upige simu Zimamoto, namba 114.

Ukifika nyumbani leo, inama utazame chini ya tangi. Kama kimrija kipo na mpira haupo, usiiwashe tena kesho kabla hujauweka.